MWAKA KOGWA: SIKU WATU WAPIGANAPO ILI WAPATANE

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumeiandika katika insha hadi kalamu zimechoka. Lakini hebu nikuulize, mpenzi msomaji: mtu ataishikaje au ataiachaje mila ambayo hata maana yake haijui?

Nauliza hivi kwa sababu ya jambo lililotokea katika mkutano mmoja wa chama chetu. Tulikuwa tukizungumzia sherehe za jadi za Waswahili. Mwenzetu mmoja akataja Mwaka Kogwa, sherehe ya Makunduchi huko Unguja, ambako wanaume wazima, wenye wake na watoto, hutoka uwanjani na kupigana kwa vigogo vya migomba. Basi, darasa zima likaangua kicheko. "Sasa hiyo ni mila ama ni wazimu?" mmoja akauliza. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi pia nilicheka, sitaki kusema uongo. Lakini tulipotawanyika swali lile lilinikaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Nikaanza kusoma na kuulizauliza. Haya nikuandikiayo ndiyo majibu niliyoyapata.

MAKUNDUCHI NI WAPI?

Makunduchi ni mji mdogo ulioko kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, zaidi ya kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe. Ukitoka mjini kwa daladala unapita kando ya msitu wa Jozani, wenye kima punju wale wekundu wasiopatikana kwingine ila Zanzibar, kisha unaendelea kusini hadi ufike. Watu wa huko ni wavuvi na wakulima. Ardhi yao ina mawe mengi, na mkulima hupanda palipo na udongo kati ya jiwe na jiwe.

Sisi wanachama wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kuujua mji huu. Wenyeji wana lahaja yao, Kimakunduchi, ambayo wao wenyewe huiita Kikae. Ukiisikia mara ya kwanza, hata ukiwa na alama ya A katika Kiswahili, utabaki umeduwaa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, yaani BAKIZA, limeitungia kamusi yake. Jina la sherehe lenyewe limetoka katika usemi wa zamani: kogwa ni kuoga. Mwaka Kogwa basi ni "kuoga mwaka". Mtu anaoga uchafu wa mwaka uliopita ili aingie mwaka mpya akiwa safi.

MWAKA GANI HUU UANZAO JULAI?

Hapa ndipo wengi wetu tulipoachwa njiani. Tumezoea Januari mosi. Ndugu zetu Waislamu wana mwaka wao uanzao Muharram, ambao watu wa pwani huuita Mfungo Nne. Sasa huu wa Julai umetoka wapi?

Jibu liko shambani na baharini. Miezi ya Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, na mwaka wake una siku 354 au 355. Ndiyo maana Ramadhani hutangulia kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mara itakukuta wakati wa mvua, mara wakati wa jua kali. Hesabu hiyo inafaa sana kwa ibada. Lakini mkulima akiifuata shambani, ipo siku atapanda mbegu zake kiangazi, nazo zitakufa. Na nahodha akiifuata baharini atasubiri kaskazi wakati kusi inavuma. Kwa hivyo watu wa pwani walihitaji hesabu ya pili, inayokwenda na jua na pepo. Hiyo ndiyo hesabu ya mwaka wa Nairuzi.

Angalia jinsi ilivyo rahisi. Siku 10 ni mwongo mmoja. Miongo 36 ni siku 360. Zinabaki siku 5, ambazo huitwa gatha. Jumla ni siku 365. Zikimalizika, mwaka umekwisha, na siku inayofuata ndiyo Siku ya Mwaka. Mzee aliyejua hesabu hii hakuhitaji kalenda ya ukutani. Alijua mwongo gani masika yanakaribia, mwongo gani bahari inachafuka, na mwongo gani vyombo vyaweza kusafiri. Na wewe uliyezoea kuandika "katika muongo uliopita" ukimaanisha miaka 10, sasa umejua neno hilo lilianzia wapi. Usilichanganye tu na mwongo yule asemaye uongo!

Lakini kuna jambo moja. Kalenda ya kawaida huongeza siku ya 29 Februari kila baada ya miaka 4. Hesabu ya Nairuzi haiongezi chochote. Kwa sababu hiyo Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4. Katika miaka 100 inakuwa imerudi kiasi cha siku 25. Siku hizi huangukia Julai, wakati wa kipupwe, mvua za masika zikiwa zimepita. Miaka 100 iliyopita iliangukia Agosti. Ikiachwa iende hivyo hivyo, itazunguka mwaka mzima na kurudi ilipoanzia baada ya zaidi ya miaka 1,400.

Neno Nairuzi lenyewe limetoka Uajemi, nchi tuiitayo leo Irani. Kule husema Nowruz, yaani siku mpya. Wairani husherehekea Machi, kwa kuwa kalenda yao ilirekebishwa isiachane na majira. Waparsi wa India, ambao mababu zao walihama Uajemi, wengi wao bado hutumia mwaka wa siku 365 usioongezwa, na mwaka wao mpya huwa Agosti. Unaona basi kwamba Makunduchi hawakukosea hesabu. Wameishika ile ya kale.

Je, ina maana kwamba watu wa Makunduchi ni Waajemi? Hapa tuwe waangalifu. Wenyeji wengi wa kusini ya Unguja hujiita Washirazi, kwa jina la mji wa Shiraz. Karibu na Makunduchi, pale Kizimkazi Dimbani, pana msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Kwa hivyo uhusiano na ng'ambo ni wa kale. Hata katika lugha yetu yamo maneno yenye asili ya Kiajemi kama bandari, nanga na nahodha. Lakini Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na wanahistoria wengi wa leo wanakubaliana kwamba Waswahili ni watu wa pwani hii hii ya Afrika, waliopokea wageni, wakaoana nao, wakachukua walichokipenda na kukifanya chao. Mwaka Kogwa ni mfano mzuri. Hesabu imetoka ng'ambo, lakini mzimu, ngoma, mganga na migomba ni vya hapa hapa.

ALFAJIRI: KUOGA

Sasa twende tukaione siku yenyewe.

Siku inaanza mapema, kabla jua halijawa kali. Watu huenda kuoga baharini, kwani ndiyo "kogwa" yenyewe. Wakisharudi huvaa nguo zao nzuri. Kina mama hutoa kanga mpya, vijana hujipamba, watoto nao hawana raha mpaka wavalishwe. Ni kama sikukuu ya Idi, hasa ukiona jinsi kila mlango ulivyo wazi.

Wazee nao wana kazi yao. Wao huanzia kwenye mzimu, mahali pa kale panapoheshimiwa, ambako mwaka huombewa heri: mvua inyeshe kwa kiasi, samaki wapatikane, maradhi yapite mbali. Kumbuka kwamba watu hawa karibu wote ni Waislamu. Mzee yule yule utakayemwona akiongoza shughuli za mzimu, adhuhuri utamkuta msikitini katika safu. Suala hili nitalirudia, maana lina mjadala.

UWANJANI: VIGOGO VYA MIGOMBA

Kisha watu humiminika uwanjani. Wanaume wa pande mbili za mji, upande wa kusini na upande wa kaskazini, huja wakiwa wamebeba vigogo vya migomba. Baadhi huvaa makoti mazito na kufunga vichwa kwa nguo, na wengine huvaa hata kofia ngumu za pikipiki. Wanatambiana. Wanachokozana kwa maneno. Halafu, ghafla, wanaingiana!

Ukiona kwa mara ya kwanza utadhani vita vimezuka. Vigogo vinapaa, vumbi linatimka, mtu anakimbizwa huku, mwingine anaanguka kule, watazamaji wanapiga mayowe na kurudi nyuma wasije wakapata kipande chao. Lakini tazama kwa makini. Kigogo cha mgomba kimejaa maji, ni laini, na kikigonga mara mbili tatu hupasuka. Kitakuuma, ndiyo, lakini hakitakuvunja mfupa kama rungu. Inasimuliwa kwamba zamani walitumia fimbo za kweli. Kubadilisha fimbo kuwa mgomba ni busara ya watu waliotaka kubaki na maana ya mila na kuondoa damu.

Na maana yenyewe ni ipi? Wenyeji husema hivi: mwaka mzima mmekaa pamoja. Mmegombania mpaka wa shamba. Mbuzi wa fulani amekula mihogo ya fulani. Fulani amemsema fulani vibaya kisimani. Mambo haya madogo madogo hayapelekwi mahakamani, lakini hayaishi. Yanakaa moyoni na kugeuka kinyongo. Basi siku hii mwenye kinyongo akitoe. Mpige mwenzako, naye akupige, mbele ya watu wote, mchana kweupe. Mkishamaliza, yamekwisha. Mwaka mpya hauingiwi na ugomvi wa mwaka wa kale.

Hii ndiyo sehemu tuliyoicheka siku ile mkutanoni. Lakini jiulize: ni ipi iliyo wazimu? Kumpiga mwenzako kwa mgomba dakika chache, kisha mkala sahani moja? Au kukaa naye bweni moja muhula mzima, vitanda vinagusana, bila kusalimiana kwa sababu ya ndoo ya maji? Mimi nawajua watu (sitawataja, wenyewe wanajijua) waliomaliza Kidato cha Nne bila kuzungumza tangu Kidato cha Pili. Wallahi, hao wangefaa kupewa vigogo viwili vya migomba.

KINA MAMA NA NYIMBO ZAO

Wanaume wakipigana, wanawake hawakai kimya wakitazama. Wao huzunguka uwanja kwa makundi, wamependeza, wanaimba. Na nyimbo zao si za kumsifu mgeni rasmi! Ni nyimbo za mapenzi, za kejeli, za kuwatania wanaume na kuzungumzia maisha ya nyumbani. Maneno mengine ni makali hivi kwamba siku ya kawaida hayasemeki mbele ya wakwe.

Waimbaji hawa wamepewa nafasi. Mwanamke ambaye mwaka mzima amenyamaza kwa heshima, leo anaweza kusema, tena kwa sauti, tena wenzake wakimwitikia. Anayeguswa na wimbo hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika atachekwa na mji mzima. Kwa hivyo ukilinganisha utaona kwamba wanaume hutoa yao kwa mikono na wanawake hutoa yao kwa ulimi, na wote shabaha yao ni moja: mwaka mpya usikute kitu kimefichwa.

Wanafunzi wa fasihi simulizi, hapa pana somo. Tunafundishwa kwamba nyimbo "huburudisha, huelimisha na huonya". Tunakariri, tunaandika, tunapata alama. Hapa lakini utaona wimbo ukifanya kazi yake hasa. Yule aliyeonywa yuko pale pale, amesimama, anausikia.

KIBANDA KINAPOCHOMWA

Kilele cha siku ni moto. Uwanjani hujengwa kibanda kidogo cha miti na makuti makavu. Mganga wa kienyeji ndiye msimamizi wa shughuli hii. Watu wachache huingia ndani ya kibanda, nacho kikatiwa moto kwa nje. Makuti makavu, mpenzi msomaji, hayasubiri. Mara moja moto unapanda, umati unapiga kelele, na walioingia ndani wanachomoka mbio, wazima, moshi ukiwafuata nyuma.

Kwa nini wafanye jambo la hatari namna hii? Fikiria kijiji cha zamani. Nyumba zote zimeezekwa makuti, jikoni ni moto wa kuni, na upepo wa kusi unavuma. Nyumba moja ikishika moto huenda mtaa mzima ukateketea. Moto ulikuwa miongoni mwa balaa walizoziogopa mno. Kwa hivyo huaminiwa kwamba kibanda kikichomwa Siku ya Mwaka na walio ndani wakatoka salama, basi hata nyumba ya mtu ikiungua mwaka ule, hakuna atakayekufa ndani yake. Balaa hutangulizwa kwa mfano mdogo ili kubwa lisije.

Moshi nao hutazamwa. Wazee huangalia unaelekea upande gani, na kutokana na hapo husema mwaka utakavyokuwa. Wewe na mimi tuliosoma jiografia tutasema kwamba moshi hufuata upepo, na ni kweli. Lakini mtu ambaye maisha yake yote yanategemea upepo, ambaye asubuhi hatii chombo majini kabla ya kuutazama, si ajabu akiangalia moshi wa siku ya kwanza ya mwaka kwa moyo unaodunda.

MGENI NJOO

Baada ya moto watu hurudi majumbani kula. Wali wa nazi, samaki, kuku, mikate. Na hapa kuna desturi iliyonifurahisha kuliko zote. Siku hii kila nyumba inataka mgeni. Kutopata mgeni hata mmoja huhesabiwa kuwa jambo la kusikitisha, kama dalili ya mwaka mbaya. Kwa hivyo mtu ukipita tu barabarani unaweza kuitwa: "Karibu, karibu, njoo ule!" Humjui, hakujui, lakini chakula kimepakuliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo tunaijua sote. Makunduchi, Siku ya Mwaka, haisemwi tu.

Jioni ngoma zinalia. Wazaliwa wa Makunduchi waishio mjini, Dar es Salaam na kwingineko hujitahidi kurudi nyumbani, na shamrashamra huendelea kwa siku kadhaa, kwa kawaida 4. Usiku ni wa ngoma na muziki, vijana wanatafutana, wazee wanahesabu ni nani amerudi na ni nani mwaka huu hayupo.

NA SISI HUKU KENYA JE?

Asije mtu akasema haya ni mambo ya Wazanzibari pekee. Siku ya Mwaka ilijulikana pwani nzima. Mombasa na Lamu pia walikuwa na Nairuzi. Desturi mojawapo ilikuwa kumzungusha ng'ombe mjini, watu wakisoma dua, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa na wote, ili mji uepushwe na maradhi na shari. Makunduchi wanaoga na kuchoma kibanda, wengine waliuzungukia mji. Nia ni ile ile: tuanze upya, tuanze salama, tuanze pamoja.

Bara nako tuna mfano wa kutufungua macho. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, kule Kakamega, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Mila za Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2009. Maneno "kwa haraka" yanitisha. Yaani kitu ambacho babu zetu walikifanya bila kuambiwa, leo dunia inatukumbusha kwamba kinatuponyoka.

Mtu atasema, "Lakini Isukuti tunaicheza kila mwaka katika mashindano ya muziki!" Kweli. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na bila hilo nyimbo nyingi zingekwisha kusahauliwa. Sisi wenyewe tunalipenda. Lakini tukumbuke tofauti. Jukwaani tunapewa dakika chache, waamuzi wana kalamu, na tukishuka tunauliza, "Tumepata ngapi?" Makunduchi hakuna mwamuzi. Hakuna anayeuliza nani amepigana vizuri. Wanaouliza ni majirani, nao huulizana: "Yamekwisha?" Ngoma ikitolewa katika kazi yake na kupelekwa jukwaani tu, mwili wake unabaki, roho yake inaweza kwenda zake.

YANAYOZOZANIWA

Sitaki kukuchorea picha ya peponi. Mwaka Kogwa una mijadala yake, na ni haki niiseme.

Kwanza ni dini. Wako mashehe wanaosema kwamba mambo ya mizimu na kutabiri kwa moshi hayana nafasi katika Uislamu, na Mwislamu hapaswi kushiriki. Wenyeji wengi hujibu kwamba hii ni mila wala si ibada, na kwamba hawamwabudu mwingine ila Mungu. Mimi si mwanachuoni, sitatoa fatwa katika jarida la shule. Ninachokiona ni kwamba mji huo huo una watu wa fikira zote mbili, na bado wanaishi pamoja. Hilo nalo ni funzo.

Pili ni watalii. Siku hizi uwanjani utakuta wageni wengi kutoka Ulaya na kwingineko, kamera na simu zimeinuliwa juu. Viongozi wa serikali nao huja, hotuba zikatolewa, na wafanyabiashara hupata riziki. Faida ipo: kijana wa Makunduchi akiona dunia imekuja kutazama mila yake, haoni haya kuishika. Hasara pia ipo. Mtu akianza kupigana kwa ajili ya kamera badala ya kupigana na kinyongo chake, hapo itakuwa imebaki sarakasi. Na mgeni akimpiga picha mama anayeimba pasipo kumwomba, amemkosea adabu. Ukienda, mwenzangu, nenda na nguo za heshima, omba ruhusa, na ukikaribishwa chakula usikatae.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, ni hesabu yenyewe. Simu ya mkononi hutuambia tarehe, hutuambia hata mvua ya kesho. Kwa hivyo kijana haoni haja ya kumuuliza mzee tumo mwongo gani. Sherehe itabaki, maana inapendeza macho. Lakini maarifa yaliyoizaa hayapigwi picha. Mzee akifa nayo, tutabaki tukipigana kwa migomba bila kujua kwa nini tunapigana Julai na si Februari. Na hapo, kweli, yule aliyeuliza kama ni wazimu atakuwa na haki ya kuuliza.

TAMATI

Mpenzi msomaji, sasa nawe ukiulizwa swali lile utakuwa na la kujibu. Wazimu ni kufanya jambo pasipo maana. Watu wa Makunduchi wanaoga kwa sababu mwaka umekwisha kwa hesabu wanayoijua. Wanapigana kwa sababu hawataki kuwekeana kinyongo. Wanaimba kwa sababu kuna maneno yaliyonyamaziwa. Wanachoma kibanda kwa sababu moto wanauogopa, na wanaita wageni kwa sababu mwaka wa mtu peke yake si mwaka.

Naomba jambo moja tu. Likizo hii, kabla hujawasha televisheni, mwulize nyanya au babu yako: "Zamani mlijuaje kwamba mwaka umekwisha? Mlifanya nini siku hiyo?" Uwe Mswahili, Mkamba, Mluo, Mkikuyu au Mgiriama, jibu lipo. Liandike, ulilete chamani muhula ujao. Tukipata majibu 20 tutakuwa na makala 20, na huenda mojawapo ikawa ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani.

Na yule ambaye hamsemeshani tangu muhula uliopita kwa sababu ya ndoo? Migomba shuleni hatuna, na mwalimu wa zamu hawezi kukubali. Lakini "hujambo" haigharimu kitu. Nakuachia ubeti huu nilioutunga mwenyewe, nawe ukiona una dosari njoo tuusahihishe pamoja:

Mwaka wa kale ondoka, na kinyongo uchukuwe,
Tugombane tukicheka, mwenye jeraha apowe,
Kila nyumba yafunguka, mgeni asizuiwe,
Mwaka mpya ukifika, moyo nao uoshewe.